Lenzi Iliyosimama Kioo Juu

Sogeeni, wajukuu zangu, na midomo ifungwe. Haya yalimfika shoga yangu, jirani wa ukuta mmoja.

Mumewe alikuwa mpiga picha, anatembea kidevu juu kama anakagua dari. Alikwenda kununua lenzi kuukuu ya kuvuta, ile ambayo ukilisukuma bomba lake, mtu wa mbali anakuja karibu.

"Hiyo ukiiinamisha bomba linateleza lenyewe, bosi," muuzaji alimwambia. "Chukua ile nyingine."

"Muuza vyuma chakavu unifundishe mimi lenzi?"

Alipoileta nyumbani, shoga yangu akamsihi airudishe. "Kapike," akajibiwa.

Mchana akaingia chumba cha giza kusafisha filamu. Lenzi akaichomoa kwenye kamera, akaisimamisha rafuni, kioo juu, bomba lisiteleze. Shoga yangu akiwa mlangoni akasikia bomba linapanda polepole, krrr.

"Mume wangu, unaivuta?"

"Mikono imo kwenye dawa, mjinga wee."

Krrr. Shoga yangu akagonga, mlango haukufunguliwa, akaniita.

Tulivunja mlango, tukamkuta amekufa, filamu mkononi. Picha ya mwisho kwenye filamu hiyo ilikuwa kisogo chake mwenyewe, karibu kabisa, kimeinamia beseni.

Studio aliirithi mdogo wa marehemu, kamera akabaki nayo shoga yangu. Lenzi wakanibebesha mimi. Iko kabatini, kioo juu, na asubuhi hii nimekuta bomba limepanda.