Mstari Ulioshuka

Duka la kuchapa lililotazamana na lango la chuo lilikuwa limefurika. Kila mtu alikuwa na haraka, kila mtu alidai yeye ndiye aliyetangulia, na mwenye duka alikwisha kukata tamaa ya kuwapanga. Katika msukumano huo mashine moja ikatapika kazi za watu wawili kwa pamoja: karatasi ya maneno, karatasi ya grafu, karatasi ya maneno, karatasi ya grafu.

“Dada, samahani, umechukua grafu zangu,” alisema kijana mmoja mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likakubali, miwani imemshuka puani.

“Na wewe umechukua watu wangu.”

“Watu?”

“Hayo unayoyasoma bila hodi ni mahojiano, kaka. Lete hapa.” Yule binti alikuwa amevaa gauni la kijani na raba nyeupe, nywele amezibana nyuma kwa kalamu, na wala hakuwa na dalili ya kutania.

Walikaa kwenye ngazi za nje kuzitenganisha karatasi, na huko ndiko walikogundua kwamba wote wawili walikuwa wakichunguza jambo moja, yaani jinsi programu za kompyuta zinavyotengenezwa. Yeye kijana alisoma alama ambazo mashine hujiwekea: programa, yaani mwandishi wa programu, kahifadhi kazi saa ngapi, kaandika mistari mingapi, makosa mangapi. Binti alikaa na programa hao ana kwa ana, akawauliza siku zao zinakwendaje.

“Watu husahau, na wengine hudanganya,” alisema kijana. “Kompyuta haidanganyi.”

“Haidanganyi, lakini iulize sababu uone kama itafungua kinywa.”

Kijana akacheka mpaka akavua miwani kuifuta. Binti alijiambia kwamba kicheko kile hakikumhusu, na hapo alikuwa anajidanganya.

Tangu hapo simu zikawa hazikatiki.

“Bi Maswali, umekula?”

“Nimekula, Bwana Vipimo. Unataka kujua gramu ngapi?”

“Nataka kujua ulikula na nani.”

“Na wivu wako, mpenzi. Ndio uliokaa hapa mezani ukinikodolea macho.”

Mapenzi yakakolea, na kazi nayo ikaungana. Waliamua kuandika makala moja, ubavu mmoja vipimo vya kijana, ubavu wa pili mahojiano ya binti, kuhusu kampuni moja iliyotengeneza programu za hospitali. Programa walikuwa wachache, wote chumba kimoja, na bosi wao alikwisha kuulizia bei ya kipimo ambacho kijana alikibuni cha kupima kazi yao. Kabla ya kila mazungumzo binti alimwambia kila mmoja wao kwamba jina lake halitatajwa na hakuna atakayemtambua. Alilisema hilo polepole, akimtazama mtu usoni, maana kwake ndiyo kazi yenyewe.

Mmoja wao, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alimweleza jambo zito. Alikuwa ameharibikiwa na mimba. Hakuomba likizo kwa sababu hakutaka kuulizwa. Kila asubuhi alifungua kompyuta, akaitazama, na jioni akaifunga. “Mwanangu, hata mama yangu mzazi hajui,” alisema. “Nimekuambia wewe kwa kuwa hunijui.”

Binti aliyaandika maneno hayo bila jina, akayaweka kwenye faili la pamoja. Hakumwambia mpenzi wake ni nani, na mpenzi wake hakuuliza.

Majuma kadhaa yakapita. Asubuhi moja simu ikalia, na sauti ilikuwa ile ya chini.

“Bosi amenipa pole mbele ya watu wote,” alisema yule mama. “Ameniletea maua. Amesema kampuni iko pamoja nami. Wewe binti, nilikukosea nini?”

Binti alifungua makala kwenye kompyuta akatafuta, na akaona. Katika sehemu ya kijana palikuwa na grafu mpya: mstari wa kazi ya programa mmoja unaokwenda vizuri, kisha unashuka hadi chini kabisa na kulala hapo. Chini ya mstari yaliandikwa maneno ya yule mama, neno kwa neno. Katika chumba cha watu wachache kiasi kile, nani angeshindwa kujua ni mstari wa nani? Na makala yenyewe kijana alikuwa amekwisha kumpelekea bosi.

Alimkuta kijana kwenye maabara ya kompyuta chuoni.

“Ulimtafuta.”

“Nililinganisha tarehe tu,” alisema kijana. “Maneno yalisema kazi ilisimama, nikaangalia ni kazi ya nani iliyosimama. Vikaingiana. Unajua nilivyofurahi? Mara ya kwanza namba zangu na maneno yako—”

“Nilimpa neno langu!”

“Sikuandika jina.”

“Umeandika kila kitu ila jina. Na bosi anataka kununua kipimo chako, sivyo? Umemuuza mama wa watu ili ukinadi.”

“Nisikilize, mpenzi.”

“Usiniite hivyo.”

Aliondoka, na simu zake hakuzipokea tena. Alilia, ndiyo, alilia sana, na kilichomuuma zaidi ni kwamba bado alimpenda. Mama yake akapiga kutoka nyumbani: “Mkwe wangu wa kwenye simu mbona siku hizi simsikii?” Akajibu kwamba mtandao unasumbua. Mama akaguna, wala hakushawishika.

Kisha yule programa akapiga tena.

“Mwenzako alikuja kwangu,” alisema. “Alikaa kitini kama aliyeitwa na mwalimu mkuu. Kumbe bosi alitaka kutumia kile kipimo kutupanga nani mzembe, nani hodari. Mimi ningekuwa mkiani. Kijana alipeleka ile grafu kumwonyesha kwamba mstari ukishuka si uvivu. Alidhani ananitetea.”

“Alikuambia hivyo?”

“Bosi ndiye aliyeniambia. Kijana mwenyewe alisema amekosa, basi, hakujitetea. Kisha akaenda kwa bosi kukataa kuuza kipimo chake. Lakini sijamsamehe. Na wewe bado. Nataka mnitoe, mstari na maneno, vyote.”

Mchana huohuo binti alirudi maabara. Kijana alikuwa peke yake, ndevu hazijanyolewa, shati limekunjamana kila upande. Binti akavuta kiti akakaa kando yake.

“Kwa nini hukuniambia ulitaka kumtetea?”

“Ingebadilisha nini? Aliyoyaficha yameanikwa, na aliyeyaanika ni mimi.”

“Anataka tumtoe. Maneno na mstari.”

Kijana alishusha pumzi. Wote wawili walijua kwamba yule mama ndiye aliyekuwa moyo wa makala. Bila yeye yalibaki majedwali na nukuu ambazo hakuna jarida lingezichapa. Kazi ya mwaka mzima ilikuwa inakwenda na maji. Binti akafuta maneno yake mwenyewe kwanza, kisha akamsogezea kompyuta. Kijana akafuta mstari.

“Nilikuwa nangoja makala ikubaliwe,” alisema kijana, “ndipo nikuulize jambo.”

“Makala haipo tena. Uliza.”

“Utakubali nikuoe?”

Binti alimpenda, hilo halikuwa na mjadala. Alichokuwa hajui ni kama anaweza kumwamini.

“Kwanza nikuambie jambo langu,” alisema. “Sijapata kumwambia mtu. Usiliandike. Usilitafutie ushahidi. Usinisaidie nalo mpaka nikuombe. Unaweza?”

Kijana alifunga kompyuta, akavua miwani akaiweka mezani, akageuza kiti chake kumwelekea.

“Naweza.”

Basi akamweleza, tangu mwanzo hadi mwisho, na kijana akasikiliza bila kumkatiza. Ni jambo gani alilomweleza, hilo halimo katika hadithi hii.