Vidonge Kwenye Kibuyu cha Mbegu

Nina miaka thelathini na tisa, fundi cherehani hapa Milanzi, Sumbawanga. Mke ninaye, watoto ninao, kazi inakwenda. Usingizi ndio sina! Msomaji mwenzangu, nisikilize kwanza, kunihukumu utanihukumu baadaye...

Mama yangu alikuwa mkulima wa ulezi kijijini kwetu, Kate. Alipotapika damu tulimkimbiza hospitali, akakutwa na vidonda vya tumbo vinavyovuja damu. Aliongezewa damu, akaruhusiwa na vidonge vya kupunguza asidi vya wiki nane. Daktari alinitazama mimi, akasema asiruke hata siku moja, hata akijisikia mzima. Nikaitikia kwa kichwa.

Baada ya wiki mbili nilikwenda kumwona. Anacheka, anapepeta ulezi! Mimi nina kiungulia changu cha miaka, nikamwomba vidonge viwili vya kutulizia.

"Chukua, mwanangu. Mimi tumbo limeshapoa," akasema.

Nikachukua. Wiki iliyofuata nikarudi, nikachukua tena. Mtu mzima mwenye cherehani mbili, nilishindwa kwenda duka la dawa? Uroho gani ule?

Haukupita muda, mdogo wangu Yustina, aliyekuwa akiishi na mama, akanipigia simu. Mama anapata choo cheusi kama lami. Nilimjibu kwa kujiamini kwamba ni mboga za majani tu, asinisumbue, nina sare za shule za kushona.

Siku ya tatu mama akatapika damu tena. Alikata roho ndani ya gari, hata hospitali hawajafika... Na asubuhi ile mimi nilikuwa nimemeza kidonge chake!

Baada ya maziko, Yustina alishusha kibuyu ambacho mama alihifadhia mbegu za ulezi. Tulipomimina kwenye ungo, vidonge vikatoka pamoja na mbegu, vimefungwa kwenye kipande cha nailoni. Vingi! Kumbe mama alikuwa hamezi?

Yustina akaangua kilio. "Kaka, alisema hivyo ni vyako. Alisema wewe ukiumwa husemi. Nilidhani yeye amebakiza vyake."

Nailoni ile ninayo kabatini. Sivimezi vidonge vile, kuvitupa siwezi. Kiungulia kikinipanda nasikia mbegu zikimiminika kwenye ungo, nageuka, hakuna mtu...

Ndugu zangu, nawasihi! Dozi ya mgonjwa imalizwe na mgonjwa. Akipata choo cheusi, mkimbizeni hospitali. Na usimwombe mama yako hata kidonge kimoja... Atakupa.