Matairi Mia Tatu na Sitini

Kila Jumamosi Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa kusema sana, humsaidia mama yake kazini. Mama ni wakala wa forodha. Huwaandikia wafanyabiashara mizigo yao ili walipe ushuru. Ofisi yake ni chumba kimoja mkabala na geti la forodha, chenye meza mbili na feni inayolalamika kuliko wateja.

Siku hiyo Chiriku alisoma ankara kwa sauti, mama akachapa kwenye kompyuta. Mtoto alikuwa na haraka ya kwenda kucheza, basi matairi 400 akayasoma arobaini. Mama alimwamini, akathibitisha bila kuangalia.

Chiriku alipokuwa akiweka ankara kwenye faili, aliiona sifuri ya pili. Angeweza kunyamaza, lakini alimgeukia mama yake.

"Mama, nimekosea. Ni mia nne."

Mama akashika kichwa. "Ofisa wa forodha anakagua saa sita. Akiliona kosa hili kabla hatujalirekebisha, atasema tumeficha matairi mia tatu na sitini. Leseni yangu itaota mbawa."

Mwenye matairi, aliyekuwa ameketi kwenye benchi, akacheka. "Dada, ukila na kipofu usimshike mkono! Zamani si tulichomoa karatasi tu, tukachomeka nyingine?"

"Zamani hiyo imepita, kaka. Hili ninaloandikia kwenye kompyuta ni daftari la blokcheni. Kiwanda, meli, benki na forodha, kila mmoja ana nakala yake. Kila ukurasa umefungwa kwa uliotangulia, kama pete za mnyororo. Ukichezea mmoja, nakala za wenzako zinakuumbua."

"Kwa hiyo kosa langu halifutiki?" Chiriku aliuliza, machozi yakimlengalenga.

"Halifutiki, ila unaweza kuongeza. Njoo usome tena."

Safari hii alisoma huku akifuata kila tarakimu kwa kidole. Mama akaandika chini ya kosa: "Marekebisho: matairi ni 400. Tulisoma vibaya." Akatia jina lake. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi.

Baadaye ofisa akapiga simu. "Nimeona kosa, nimeona na marekebisho. Mteja alipe ushuru kamili, geti litafunguliwa."

Mteja alilipa huku akiguna. Chiriku akashusha pumzi, na mama akamvuta karibu.

"Daftari lile hukamata uongo, mwanangu, lakini haliwezi kukiri kosa kwa niaba yako. Hilo umelifanya mwenyewe, kabla hujaulizwa. Uwe hivyo hivyo siku zote. Na Jumamosi ijayo, usome polepole."