Uso wa Namkunda Ukutani

Ukuta wa mbele wa Jumba la Michezo, duka la michezo ya kompyuta pale mjini Same, ulikuwa na macho. Yalikuwa vitundu vidogo tu vilivyotawanywa kwenye kioo, na kazi yao ilikuwa moja: kumtazama mpita njia na kujua jicho lake linatua wapi. Fundi bomba akipita na begi lake begani, jalada la mchezo lililokuwa limetulia pale ukutani lilijigeuza, likamwonyesha mfereji uliopasuka, maji yakimwagika ovyo, hata viganja vikaanza kumwasha. Binti aliyekuwa nyuma yake, aliyekuwa akipanga harusi, alionyeshwa shamba la maharage lililochanua na nyumba nyeupe kilimani. Jina la mchezo lilibaki lile lile kwa wote wawili: *Zamu ya Maji*. Wote wawili walisimama.

Mtambo huo uliitwa jalada-hai, na aliyeulisha picha na maagizo alikuwa Nakijwa. Wachoraji waliomtangulia walikuwa wakichora picha moja kwa watu wote, kisha wanakaa roho juu. Walikuwa na kanuni zao: picha isomeke hata ikiwa ndogo kama ukucha, kiwepo kitu kimoja tu cha kulishika jicho, herufi ziwe nene, na mnunuzi ajue papo hapo ndani ya mchezo atakwenda kufanya kazi gani. Nakijwa alizishika kanuni hizo zote. Ila ile ya mwisho, kama tutakavyoona, aliishika kwa vidole viwili.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa Mbonea, rafiki yake tangu chuoni, aliyeutengeneza peke yake, bila kampuni wala mfadhili, mpaka macho yakawa mekundu kama nyanya. Ulikuwa mchezo wa mwigo, yaani mchezaji haui mtu wala hakimbizani na mazimwi; anapewa kijiji cha milimani Upareni na ndiva yake, bwawa la udongo linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi. Kazi yake ni kugawa maji kwa zamu, kuitisha msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, mfereji ukiziba, na kusuluhisha majirani wanaonuniana. Ulikuwa mchezo wa kutulia, na wachache waliouonja waliupenda sana.

Aliyempokea mchezaji pale ndivani alikuwa Namkunda. Huyu alikuwa mtu wa kweli, shangazi yake Mbonea, mgawa maji wa kijijini kwao. Mbonea alimwomba mwili wake upigwe kivuli, yaani mashine imzunguke na kuchukua sura, mwendo na kicheko chake, ili vitumike mchezoni. Namkunda alivaa kanga yake ya maua mekundu, akajipaka mafuta, akasimama mbele ya mashine akiwa amejishika kiuno. Kisha akarudi kijijini na kumtangazia kila aliyekuwa na masikio kwamba atabandikwa ukutani mjini.

Tatizo ni kwamba wiki za kwanza watu hawakusimama. Jalada-hai lilikuwa na uzio, agizo linaloukataza mtambo kuchora jambo ambalo halimo mchezoni. Ndani ya uzio huo Namkunda alitabasamu, alifungua maji, alionyesha mfereji kwa kidole, na watu wakampita kama wanavyopita mlango wa benki siku ya Jumapili. Mbonea alianza kuzungumzia kurudi kufundisha. Nakijwa akaona hapana, kazi ya mwenzake isife mikononi mwake. Akaufungua mtambo, na mtambo ukauliza kwa maandishi yake ya adabu: Je, unaruhusu watu wa mchezo waonyeshwe wakitenda wasiyoyatenda?

Akagusa: Naruhusu.

Picha ya kwanza iliyotoka aliiona kwa macho yake mawili. Ilikuwa alfajiri. Namkunda ameinama penye mlango wa ndiva, jembe mkononi, akiyaelekeza maji shambani kwake kwa siri, na nyuma yake watu wanakuja na fimbo. Mama yake Nakijwa alizaliwa huko huko milimani. Alijua kwamba kwa watu wa kule mtu anaweza kusamehewa ulevi, hata ugoni, lakini mwizi wa maji watu huacha kumwamkia. Alijua vizuri kabisa. Akajiambia, nani wa huko atashuka kuja kuiona? Akaufunga mtambo na kwenda kula.

Watu wakaanza kusimama. Walijaa mpaka walinzi wa Jumba wakalazimika kuweka kamba. Mbonea alimpigia simu akicheka na kulia kwa pamoja, akamwita fundi wa mafundi, naye Nakijwa alizipokea sifa hizo bila kusema neno juu ya uzio.

Namkunda akashuka. Hakuja peke yake. Alikuja na wanawake wa chama chao, wamevaa sare, na mkononi ameshika kiroba cha magimbi.

"Shikamoo, shangazi," Nakijwa alisema.

"Marahaba, mwanangu! Haya, tuonyeshe. Nimewaambia hawa kwamba siku hizi mimi ni mkubwa kuliko mlango wa kanisa."

Nakijwa alitaka kuwageuza, awapeleke kwanza wakale, awaambie ukuta umeharibika. Alikuwa bado anatafuta uongo wa kufaa walipofika mbele ya kioo. Vitundu vikawasoma. Mtambo haukuhangaika kutafuta kitu cha kuwasimamisha wanawake wa ndivani: kwa mara ya kwanza Namkunda alijiona, mkubwa kuliko mlango kweli, amepiga magoti matopeni, jembe limemponyoka, mkono wa mtu umemshika ukosi, na maji ya wenzake yakikimbilia shambani kwake. Wanawake walikodoa macho. Na kwa kuwa mtambo ulifundishwa kwamba anayekodoa amependa, uliikuza picha ile mpaka tone la tope likaonekana mdomoni mwake.

Mama Eliapenda, ambaye shamba lake lilikuwa la mwisho kule bondeni, akacheka kidogo.

"Kumbe! Kiangazi kile sisi tunakesha kusubiri maji, wenzetu walikuwa hapa."

"Mama Eliapenda, we!" Namkunda alisema, lakini sauti haikuwa yake. Alikisogelea kioo. "Kanga ni yangu. Hata huu mguu ni wangu. Lakini mimi sijawahi kufungua maji zamu isiyo yangu, tangu nizaliwe. Nakijwa, mwanangu, hebu waambie."

Ilikuwa rahisi. Maneno yenyewe yalikuwa machache: ni mimi niliyefanya, shangazi hana kosa.

"Ni mtambo, shangazi," alisema. "Unajichorea wenyewe."

Namkunda alimtazama. Alimtazama kwa muda, kama anayepima kina cha maji kwa fimbo, na Nakijwa akajua kwamba ameeleweka. Ndipo yule mama akafanya jambo ambalo Nakijwa hakulitarajia: akamsitiri.

"Mmesikia? Ni mtambo," aliwaambia wenzake. "Hata redio zamani zilikuwa zinajisemea. Twendeni tukanywe chai, miguu inaniuma." Akamkabidhi Nakijwa kiroba cha magimbi, akamshika bega, akaondoka akiwa wa mbele, shingo wima. Nyuma yake wanawake wawili walikuwa wameshaanza kunong'onezana.

Nakijwa alikwenda nyumbani na magimbi yale, akayaweka jikoni, na kila alipoyaona aliona haya hata ya kuyamenya. Yakaanza kuchipua.

Mbonea hakupiga simu safari hii. Alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni mwa chumba cha kazi bila kuketi.

"Kimekaa kikao cha ndiva. Wamemwambia shangazi apumzike."

"Apumzike vipi?"

"Ugawaji amepewa mtu mwingine. Hakuna aliyemwita mwizi, wana adabu zao. Apumzike tu. Jana amepita sokoni, watu wanaangalia mboga ili wasimwamkie. Nimekuja unisaidie kuandika barua ya kuwalaani waliotengeneza huu mtambo. Uzio wao umevunjika."

"Haukuvunjika," Nakijwa alisema. "Niliutoa."

Mbonea aliinamisha kichwa. Alisema taratibu, na heri angepiga kelele.

"Siku ya kupigwa kivuli aliniuliza, ninyi watoto mtanitunzia mwili wangu huko ndani? Nikamwambia asiwe na wasiwasi, jalada anatengeneza Nakijwa."

"Nikalitoe leo?"

"Katoe. Halafu upande mlimani, mwenyewe, useme mbele ya kikao."

"Na wasiponisikiliza?"

"Huenda wasikusikilize. Panda tu."

Sheria ya Jumba ilimtaka mwenye jalada aje kuliondoa kwa kiganja chake mwenyewe, pale pale kwenye kioo. Nakijwa alifika mchana, watu wamejaa, akapita chini ya kamba na kuusogelea ukuta. Vitundu vikamsoma. Alikuwa ameuinua mkono picha ilipobadilika.

Hapakuwa na jembe wala tope. Namkunda alikuwa amesimama mlangoni kwake, katika kanga yake ya maua mekundu, anatabasamu, mkono ameunyoosha kumkaribisha. Nyuma yake watu wa kikao walikuwa wameketi wanacheka, na Mama Eliapenda anamimina chai. Mtambo ulipoona jicho limenasa, ukaongeza kigoda kimoja kitupu, ukakisogeza mbele, mpaka Nakijwa angeweza kukikalia.

Alijua ni uongo. Aliujua mtambo ule kuliko mtu yeyote mle mjini. Lakini alisimama, mkono ukiwa hewani. Akajikuta anapumua kama mtu aliyekwisha kusamehewa, akiwa hata bado hajaomba. Alipojigundua, aibu ilimpanda mpaka masikioni, kali kuliko ile ya mbele ya wanawake wa chama. Alijaribu kutazama pembeni. Akashindwa. Tabasamu lile lilikuwa tamu mno.

Akafumba macho. Akapapasa kioo kama kipofu huku watu wakimshangaa, akalipata tundu la kiganja, akaegemeza mkono kwa nguvu mpaka mlio ukasikika kwamba jalada limeondolewa.

Alipofumbua, kioo kilikuwa kitupu. Roboti ya mlangoni ikamsogelea, ikamshukuru kwa kutazama muda mrefu kuliko wote siku ile, na kumuuliza kwa upole kama angependa kununua.

"Hapana," alisema Nakijwa, na akauliza gari za kwenda mlimani zinapakia wapi.