Simu Iliyobaki Mezani

"Kofia. Glavu. Funguo," Mama alisema mlangoni, kama alivyosema kila asubuhi.

"Ninavyo."

"Na uji umebaki nusu bakuli. Nimeuona."

Saimi alitoka kabla hajarudishwa mezani. Nje palikuwa na giza, na giza lingekuwepo tena atakaporudi. Januari mjini Oulu ni hivyo: jua linachungulia mchana, halafu linaondoka. Theluji ililia chini ya viatu vyake njia nzima hadi shuleni.

Siku hiyo Mwalimu Jarkko aliwapa darasa la sita kazi ya wawiliwawili. Walitakiwa kulinganisha simu mpya na mbili za zamani.

"Kwanza maunzi, yaani vile vitu unavyoweza kuvishika: betri, kamera, kioo, kichakataji," alisema. "Halafu programu, yaani maagizo yanayoviendesha. Na msiniletee maneno ya kwenye boksi. Boksi limeandikwa na muuzaji. Kama hukupima, usiseme."

Saimi alipangwa na Eeli, mvulana wa jengo la pili ambaye hakuweza kukaa kimya hata akiwa anatafuna. Simu mpya ilikuwa ya Saimi mwenyewe, zawadi ya Krismasi kutoka kwa baba yake aliyekuwa akiishi Tampere. Eeli alileta simujanja ya zamani ya dada yake, yenye ufa kwenye kioo. Ya tatu ilikuwa simu ya vitufe ya Babu Aulis, nzito na iliyochubuka pembe zote.

"Hii unaweza kupigilia msumari," Eeli alisema akiipima mkononi.

"Babu ameshapigilia."

Walifanya kazi vizuri, nyumbani kwa kina Saimi. Walipiga picha kabatini kwenye giza. Simu mpya ikatoa picha safi, ya dada yake Eeli ikatoa ukungu, na ya Babu haikuwa na kamera. Walifungua ramani kwenye simujanja zote mbili. Mpya ilifungua papo hapo. Ile ya zamani ilisita, kisha ikasema programu yake imepitwa na wakati na haitapata masasisho tena.

Lilibaki jaribio moja, la baridi. Simu zote tatu zilitakiwa kuachwa roshani zikiwa zimewashwa, waone ipi itazimika kwanza. Lakini Eeli alikuwa na mazoezi ya mpira wa magongo.

"Utaweza peke yako?" aliuliza, mguu mmoja tayari kwenye kiatu.

"Kwani kuweka simu nje kunahitaji watu wangapi?"

Saimi alifungua mlango wa roshani. Baridi ilimuuma puani. Aliweka simu ya Babu juu ya kiti cha mbao, akaweka ya dada yake Eeli kando yake. Kisha akatazama simu yake. Kioo chake kiling'aa bila hata alama ya kidole. Kama kingepasuka? Angemwambia nini baba yake? Alifunga mlango na kuiacha simu mezani, kwenye joto.

Simu ya dada yake Eeli ilizimika kabla Saimi hajamaliza kuosha vyombo. Ya Babu ilikuwa bado inawaka asubuhi.

"Na yako?" Eeli aliuliza walipokutana ngazini.

Saimi alifikiri haraka. Simu mpya ilikuwa imeshinda kila jaribio. Hili lingekuwaje tofauti?

"Ilikaa karibu sawa na ya Babu."

"Wee! Balaa hiyo."

Jioni ya maonyesho wazazi walikuja, na Babu Aulis alikaa mstari wa mbele na kofia yake magotini. Alikuwa mzee wa maneno machache aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha simu, kwenye chumba cha majaribio. Huko waligandisha simu, wakazichemsha, wakaziangusha sakafuni, hadi kiwanda kilipofungwa. Saimi alipofika kwenye baridi alisema kwa sauti ya juu kuliko kawaida: "Simu mpya imestahimili." Watu walipiga makofi. Babu alipiga kwa muda mrefu kuliko wote.

Nyumbani, kwenye supu ya samaki na mkate mweusi, Mama alimwanzia Babu wimbo wake wa kila siku.

"Baba, badilisha simu. Simujanja ina programu ya dharura. Ukipiga, waokoaji wanaona ulipo. Wewe unakwenda kuvua barafuni peke yako kama kijana."

"Hii yangu inafanya kazi."

"Inafanya kazi ya kupigilia misumari."

"Simujanja hufa kwenye baridi, Satu. Nimeziua mwenyewe nyingi tu." Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Lakini mhandisi wangu anasema hii mpya haifi. Uliiweka nje?"

Kijiko cha Saimi kilisimama. Mama alikuwa akimtazama kwa matumaini.

"Tuliipima, Babu."

"Basi yameisha," Babu alisema na kumega mkate. "Kwetu kiwandani, mwenzako akisema amepima, humuulizi mara ya pili. Ukianza kumuuliza, hakuna kazi tena."

Wiki iliyofuata alinunua simu kama ya Saimi. Ile ya vitufe akaiweka kwenye droo.

Jumamosi moja Babu alikwenda baharini kuvua. Aliburuta kigari chake cha theluji chenye keke ya kutobolea barafu, ndoano na chupa ya kahawa. Simu aliiweka kwenye mfuko wa nje wa koti, mahali ilipokaa ile ya zamani siku zote. Desturi yake ilikuwa kurudi kabla ya giza na kupita kwa kina Saimi kunywa kahawa.

Giza liliingia. Kahawa ikapoa kwenye birika.

Mama alipiga simu. Haikupatikana. Alipiga tena amesimama, kisha akawapigia waokoaji huku anavaa koti.

"Vaa," alimwambia Saimi. "Hapa sikuachi."

Bandarini palikuwa na taa kali na pikipiki mbili za theluji zilizokuwa zikinguruma. Upepo ulitoka baharini ukiwa na chembe za barafu. Mwanamke mmoja mwenye nguo nyekundu, aliyeongoza waokoaji, aliwajia. Jina lake, Heta, liliandikwa kifuani.

"Dada, nisikilize vizuri," alimwambia Mama. "Mtandao unaonyesha simu yake ilikatika ghafla mchana, kati ya mdomo wa mto na kisiwa cha Lokki. Huo ni upana mkubwa. Pale mtoni barafu ni nyembamba. Kama simu ilikatika kwa sababu imezama, yupo pale, na kila mtu wangu anakwenda pale. Kama ilikatika kwa baridi, huenda alikuwa anaendelea kutembea kuelekea kisiwani. Ni simu gani?"

"Mpya kabisa," Mama alisema. Midomo yake ilikuwa mikavu. "Baridi haiiwezi. Mwanangu aliipima shuleni."

Heta alifumba macho kidogo, akayafumbua.

"Basi imeingia majini." Aligeuka na kuinua mkono. "Wote mtoni! Leteni kamba na boti!"

Saimi alitazama watu wakikimbilia kamba. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona siku ile. Mashahidi walikuwa kiti cha mbao na simu mbili. Huenda kweli simu ilizama. Huenda wangempata huko huko. Huenda. Pikipiki ya kwanza ilikuwa tayari imegeuza taa zake upande wa mto.

"Hatukuipima!"

Sauti yake ilimezwa na upepo. Alikimbia na kumshika Heta mkono wa koti.

"Hatukuipima! Simu yangu haikutoka nje. Niliiacha mezani. Nilidanganya."

Mama alimtazama kana kwamba hakumfahamu. Heta aliinama hadi nyuso zao zikakaribiana.

"Rudia, binti."

"Sijui kama inastahimili baridi. Hakuna anayejua. Na Babu huiweka mfuko wa nje."

"Mfuko wa nje? Kwenye baridi hii?" Heta alishika redio yake. "Kikosi cha pili, acheni mto. Nendeni Lokki, mkipite kisiwa pande zote. Simu inaweza kuwa imekufa kwa baridi tu. Mzee anaweza kuwa juu ya barafu."

Mama hakusema neno. Alisimama akitazama taa zikigawanyika gizani, moja kushoto, moja kulia. Saimi alitaka apigwe hata kofi, mradi kimya kile kiishe. Hakupigwa. Walisimama hivyo mpaka vidole vyao vya miguu vikafa ganzi na kuacha kuuma, na hilo ndilo lililomtisha Saimi zaidi, kwa sababu alijua Babu yuko nje kwa muda mrefu kuliko wao.

Redio ilikoroma. "Tumempata. Nyuma ya mawe ya Lokki. Anapumua. Anatukana."

Mama alikaa chini kwenye theluji.

Babu alikuwa ameteleza na kuvunjika mguu juu ya kifundo. Alijikinga na upepo kwa kigari chake, akatoa simu apige. Ilikuwa imezimika. Aliitia ndani ya shati, chini ya kwapa, mpaka ikapata joto na kuwaka, kisha ikadai namba ya siri. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi na kioo hakikuvisikia. Alijaribu kwa pua. Ikazimika tena. Ile ya zamani angeibonyeza hata kwa kipande cha kuni.

Hospitalini waliuokoa mguu, lakini vidole viwili vya miguu viliganda vibaya na vikakatwa. Saimi alipoingia wodini alisimama mbali na kitanda.

"Babu, ile simu..."

"Mama yako ameniambia."

"Nisamehe."

Babu alitazama dirishani. Nje hapakuwa na kitu cha kutazama.

"Nimekusamehe," alisema mwishowe. "Lakini kukuamini ni jambo jingine. Hilo litachukua muda. Sikufichi."

Saimi aliinamisha kichwa. Alikuwa ametarajia utani, na utani haukuja.

Jumatatu alisimama mbele ya darasa na kusema alichofanya. Hakuna aliyecheka. Eeli, aliyekuwa kando yake, alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Umenifanya na mimi mwongo," alimnong'oneza walipokaa. "Nilisimama pale kama fala nikasema tumepima."

"Najua."

"Leo tunapima. Na siondoki. Magongo yatangoja."

Wakapima. Simu zote tatu, ya Babu ikiwa imetolewa kwenye droo yake, ziliwekwa kwenye kiti cha mbao, nao wakakaa nyuma ya kioo cha mlango wa roshani wakitazama. Simu mpya ilikuwa na kioo kikubwa na kichakataji chenye kasi, vyote viwili vyenye njaa ya umeme, na betri iliyoganda haikuweza kuvilisha. Ikawa ya kwanza kuzimika. Simu ya dada yake Eeli ikafuata. Ya Babu iliendelea kuwaka, ndogo na ya kijani, gizani.

"Kwa hiyo mpya ni mbovu?" Eeli aliuliza.

"Siyo mbovu," Mama alijibu kutoka jikoni. Alikuja akiwa na taulo mkononi. "Ingekuwa ndani ya shati la Babu tangu asubuhi, angepiga, na ile programu ingewaambia waokoaji alipo. Ile ya zamani inavumilia, lakini haiwezi kumwonyesha mtu ulipo. Kila moja ina uwezo wake na udhaifu wake. Mzee angejua udhaifu, angejipanga. Angebeba zote mbili. Hakujipanga kwa sababu aliambiwa udhaifu haupo."

Alivuta kiti akakaa mbele ya Saimi.

"Nisikilize, sitalirudia. Ulisema uongo mdogo ili kioo kisipasuke. Haukubaki mdogo. Ulitoka kwako ukaenda kwa Eeli, ukaenda kwa mwalimu, ukaenda kwa Babu, ukafika kwangu, na mimi nikampa yule mwokoaji. Nilimwelekeza vibaya, baba yangu akiwa anaganda. Unaelewa?"

"Ndiyo, Mama."

"Pale bandarini ulisema kweli kukiwa na watu wote, na ndiyo maana tuna mtu wa kumpelekea supu kesho. Hilo nalo nimeliona. Lakini usisubiri mpaka mtu awe barafuni. Hukupima, sema hukupima. Neno moja tu. Hakuna aliyewahi kufa kwa kulisikia."

Aliinuka, akafungua mlango wa roshani na kuingiza simu ndani moja baada ya nyingine. Ile ya vitufe aliifuta kwa taulo na kumkabidhi Saimi.

"Kesho mpelekee. Na akikuuliza mmepata nini..."

"Nitamwambia tulichokiona," Saimi alisema. "Na Eeli atakuwepo, kama Babu atataka kumuuliza yeye."

Kesho yake Babu alisikiliza yote. Kisha akamgeukia Eeli.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, Babu Aulis. Nilikuwepo."

Babu aliitikia kwa kichwa, akaipokea simu. Saimi alisimama palepale. Iliuma kuona swali lile likienda kwa mwingine, lakini alijua ni haki yake Babu kuuliza, na kwamba ataendelea kuuliza kwa muda mrefu.