Silabi Sita Zilizopotea

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi, nami nilijiona profesa.

Kila Alhamisi Mwalimu Lornah hutuletea shairi la kuchambua. La siku hiyo lilimhusu askari aliyerudi nyumbani kutoka vitani. Nilifanya kama kawaida yangu: nikahesabu beti, mishororo, vina, kisha silabi, kwa vidole. Kila mshororo ulikuwa na silabi nane, ila wa mwisho ulikuwa na mbili tu:

"Mlango ukibamizwa,
mimi..."

Nikaandika kwa fahari: "Mshairi alichoka. Silabi sita zimepotea." Kuhusu hisia za askari nikaandika: "Ana furaha, vita vimeisha."

Nikapata sufuri! Mwalimu akasema nisiporekebisha kazi yangu kufikia kesho, Sheryl ndiye atakayekariri shairi hilo siku ya wazazi badala yangu. Sheryl, anayekariri kama mtangazaji wa vifo redioni!

Jioni nikashuka Dunga, ufuoni mwa ziwa, mama anakokaanga samaki, uso nimeukunja. Mzee Wechuli, aliyekuwa askari zamani, alikuwa akikwangua magamba kando ya jiko. Nikamsomea shairi, nikalalamika kuhusu silabi zangu sita, na kuhusu Mwalimu anayedai askari huyo ana hofu.

"Wewe Ooko," akacheka, "ukihesabu miiba ya samaki, umeshajua ladha yake?"

"Lakini Mzee, askari mzima anaogopa mlango?"

"Sikiliza. Siku moja tulikuwa kwenye lori, watu kumi na wawili, tunaimba, mara..."

Mfuniko wa sufuria ukamponyoka mama. Kwaa!

Mzee Wechuli akanyamaza. Kisu kikaanguka. Alikodolea ziwa macho, kana kwamba hatupo. Mama hakumuuliza kitu. Alizima redio, akamsogezea kikombe cha chai, kisha akaninong'oneza:

"Alirudi kutoka vitani kabla hujazaliwa, lakini masikio yake bado yako huko. Mtu wa namna hiyo hachekwi, Ooko. Anangojewa."

Tukangoja. Chai ikapoa. Hatimaye mzee akaokota kisu chake.

Hapo ningefunga mdomo. Lakini sufuri ile bado iliniwasha.

"Pole, Mzee. Hofu nimeielewa. Ila mshororo bado ni mfupi! Kwa nini mshairi hakuumalizia?"

Jibu lake ndilo lililonirudishia alama zangu, na nafasi yangu siku ya wazazi.

"Na yangu ya lori," akasema, "mbona hukuniambia niimalizie?"