Sala ya Kufungulia Chakula

Haya yalimpata rafiki yangu Tolliver, mwalimu wa Kilatini katika shule moja kongwe ya bweni huko Uingereza, wala si mtu wa kuzua. Krismasi ilipofika, kila mtu alikwenda kwao. Yeye, mgane asiye na pa kwenda, akabaki na mpishi, Bi Hobday.

Jioni moja aliingia ukumbi wa chakula kuchukua miwani aliyoisahau. Giza lilikuwa limetanda, na baridi ilipenya hadi mifupani. Upweke ukamtuma kufanya mzaha: akasimama mahali pa mkuu wa shule, akasoma kwa sauti sala ya Kilatini ya kufungulia chakula, ambayo tangu enzi na enzi wavulana huisikiliza wamesimama, ndipo huketi.

Mabenchi yakakwaruza sakafu, yote kwa pamoja. Kisha kimya. Kimya cha watu wengi.

Alitoka mbio hadi jikoni, miwani akaiacha kulekule, akamsimulia Bi Hobday yote.

"Na sala ya kumalizia umeisoma, mwalimu?" Bi Hobday aliuliza.

"Nisome saa ngapi, mama? Nimekimbia!"

"Hee! Basi umewaacha wameketi. Hapa hainuki mtu mpaka isomwe."

Januari shule ikafunguliwa. Ukumbi haukuwa umewashwa moto likizo nzima, na barafu ilikuwa imeganda madirishani. Mkuu akasoma sala, wavulana wakaketi, na papo hapo wakaruka wote.

"Aa! Nani alikuwa amekaa hapa?" mmoja akalalamika. "Benchi lina joto!"